Watoto wa Gakwaya

Bayingana alikuwa amechelewa kuoa, na mama yake, Winifred, hakuacha kumkumbusha kila alipomwekea chai. Kwa hiyo alipompata Uwera, na ndoa ya serikali ikapangwa Alhamisi ofisi ya sekta, serikali ya mtaa wa Kinyinya, alitaka mambo yanyooke. Kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa Uganda, karibu na Mbarara, wakati wa vita vya kumng'oa Amin, na parokia iliyombatiza ilijizungusha weee hadi Jumanne ndipo ikakituma kwa simu. Akakikimbiza sekta bila hata kukisoma, maskini wa Mungu.

Karani akakisoma, akawatazama wachumba, akakisoma tena.

"Wewe baba yako ni Gakwaya. Huyu dada naye baba yake ni Gakwaya, wa kule kule. Iko Gakwaya moja. Sisi hatuwezi ozesha ndugu na dada yake."

Uwera akaangua kilio. Bayingana akarukia pikipiki mpaka Gatsata kwa mama yake, roho mkononi.

"Mama, baba yangu ni nani?"

"Ni marehemu baba yako. Shika adabu!"

Kisha akamweleza, bila haya hata kidogo. Vita vilipopamba moto, mtoto wa wakimbizi waliotoka huku nyumbani hakuandikwa popote. Gakwaya peke yake kati yao alikuwa na risiti ya kodi, kama mwenyeji. Basi kila aliyejifungua alimpelekea mtoto, naye akambeba kanisani na kusema ni wake.

"Mtu mzuri sana yule! Padre alimsalisha rozari nzima kwa kila mtoto, adhabu ya uzinzi. Magoti yake mpaka leo iko mabaya."

"Na hukukumbuka hayo nilipokwenda kuposa kwake?"

"Kulikuwa na vita, mwanangu."

Jumatano Gakwaya alifika kwa noteri, mthibitishaji wa hati, amevaa koti lake la harusini, kutia sahihi kwamba Bayingana si mwanawe. Bila hiyo hakuna ndoa.

"Ulikula ng'ombe ya mahari bure," Winifred, aliyemsindikiza mwanawe, akamchokoza. "Baba ya bwana harusi ndiye anatoa!"

Mzee akajifanya hasikii. Akashika kalamu, akaiweka chini.

"Mlikuwa wengi," alimwambia Bayingana. "Wengine nawaona Kacyiru na magari yao, hawanijui. Wewe ndiye wa kwanza kurudi. Na umerudi nikukane."

Bayingana, aliyekuwa akimwogopa mzee huyu tangu siku ya posa, alimwonea huruma.

Gakwaya akatia sahihi. Chozi likadondokea jina lake, wino ukatapakaa, na noteri, mtu wa sheria, akasema karatasi hiyo haifai. Akachapa nyingine.

Mara hii mzee aliomba Bayingana atoke nje kwanza.