Kisigino Kilichotembea Dukani

Fundi viatu alipiga deki mara ya tatu asubuhi ile, akageuka kusuuza tambara, na alama zikawa zimerudi. Madoa mekundu yenye umbo la kisigino, cha mguu wa kushoto tu, kutoka benchi hadi mlangoni. Dukani walikuwa wawili, yeye na mkewe, na mkewe hakuwa ameinuka kwenye cherehani tangu wafungue. Nywele zilimsimama fundi.

"Mama watoto, nani kaingia?"

"Nani aingie? Labda shetani kaleta kiatu kishonwe."

Fundi hakucheka. Aliinama akazisoma zile alama, maana bwana huyu alijigamba kwamba kwa kisigino tu angekutajia mteja. Hiki kililika upande wa nje, kama cha mtu anayeburuta mguu. Akawapitisha wateja wote kichwani, asimpate mwenyewe. Hofu ikampanda.

Majigambo yake mengine yalikuwa ya tumbo. Miaka tisa nyuma alipasuliwa, tumbo likapunguzwa. Kilo zikayeyuka na kisukari alichokuwa nacho kikatoweka kabisa. Nesi alimsihi aje kupimwa kila mwaka, kwani sukari huweza kurudi kimyakimya na kuitia miguu ganzi. Alikwenda miaka miwili, akaona anapotezewa muda. Mashine ya kupimia sukari nyumbani akaigawa. "Mimi nimepona," aliwaambia watu, na ukimbishia mnakosana.

"Hebu tembea," mkewe akasema ghafla.

Akatembea. Alama zikamfuata.

Mkewe akamkalisha, akamvua kiatu. Fundi huyu hakuwahi kumrudishia mteja kiatu bila kupitisha kiganja ndani kutafuta msumari. Chake alikigonga juzi harakaharaka, akakivaa. Sasa msumari ulikuwa umesimama wima, soksi imelowa, na kisigino cha mguu wake kina tundu lenye kingo nyeusi. Siku mbili nzima alikuwa ameukanyaga.

"Hakiumi?" mkewe akauliza.

"Ngozi ya fundi ngumu, mke wangu."

"Fumba macho. Nitakugusa vidole, uniambie ni kipi."

Akafumba, akitabasamu kama anayefanyiwa mchezo. Akangoja. Akamsikia mkewe akivuta pumzi, kisha akivuta nyingine.

"Mbona huanzi?"

Alipofumbua macho alikuta kidole chake cha mwisho kimebanwa kwenye kucha za mkewe, na vile vinne vingine vimekwisha kubanwa hadi vikachubuka.