Unga Nyuma ya Seva

Tangu Hilkka abadilishe kiini cha mfumo, ile programu inayoendesha nyingine zote, kwenye seva ya jengo lao pale Kajaani, Finland, mashine ile ilikosa adabu. Kila alipoichungulia ilimtolea onyo lile lile: imeombwa nafasi ya kumbukumbu, imekosa. Ikishakosa, zamu za sauna, lile bafu la mvuke, zinaganda, mlango wa chumba cha kufulia unagoma, na wakazi wanamtazama Hilkka kwenye ngazi kana kwamba ndiye aliyelamba sabuni yao.

Kilichomtia shaka ni kwamba kumbukumbu ilikuwepo. Zaidi ya nusu imekaa bure. Mtu ana gunia la viazi jikoni, halafu anakwambia hana cha kupika? Hapo pana mkono wa mtu, na Hilkka alishampata mwenye mkono.

Kalervo wa ghorofa ya pili. Ndiye aliyeleta hoja kwamba Hilkka anyang'anywe seva, ipewe kampuni ya Helsinki, na mkutano wa wakazi ulikuwa wiki ijayo. Hilkka aliitunza mashine hiyo tangu astaafu kazi ya mitambo ya simu. Ikiondoka, anabaki na televisheni na magoti yake.

Na siku hizi Kalervo hakauki ghorofa ya chini, penye stoo na seva. Hilkka alimkuta akipanda ngazi, anafuta masharubu.

"Unafuata nini huko, jirani?"

"Skii zangu. Nazipaka nta."

"Theluji inayeyuka, wewe unapaka nta?"

"Ya mwakani, mama. Na mgonjwa wako, hajambo?"

"Atapona wageni wakipungua."

Kesho yake Hilkka alinyunyiza unga wa shayiri kwenye sakafu ya chumba cha seva, kiduchu tu, kisha akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi alikuta nyayo za soksi za sufu, zimekwenda hadi nyuma ya kabati la mashine. Mwizi kavua viatu mlangoni, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Akakagua kila waya: hakuna mgeni. Akakagua nani kaingia kwenye mfumo: ni yeye peke yake. Hilo halikumtuliza hata kidogo. Lilimwonyesha tu kwamba Kalervo ni mjanja kuliko uso wake.

Zamu ya sauna ya wanawake ikafika. Walikuwa wamekaa benchi la juu kama wanavyokaa siku zote, kila mmoja na pengo lake kushoto na kulia, maana nani anataka jasho la mwenzake? Mlango ukafunguliwa, akaingia Sinikka na binti zake wawili. Akaangalia benchi.

"Pamejaa. Tutarudi."

"Nafasi zipo, shoga," alisema Hilkka.

"Zipo mojamoja. Sisi tunataka kukaa pamoja."

Hilkka akatazama yale mapengo, moja hapa, moja kule. Maji ya kumwaga kwenye mawe akayasahau mkononi.

"Sogeeni," akawaambia wenzake. "Paja la jirani haling'ati."

Wakasogea kwa kunung'unika, watatu wale wakapata pa kukaa, na Hilkka akashuka, akavaa joho lake, akaenda chini nywele zinachuruzika. Kiini cha zamani kilikuwa kinaomba kumbukumbu vipande vidogovidogo, na kila pengo lilikitosha. Hiki kipya kinataka kipande kirefu, kisichokatika. Akaiamuru mashine iweke akiba kubwa zaidi pembeni na iwe inasogeza vitu vyake mapema, kabla hajaja wa kuomba. Maonyo yakakoma.

Basi Kalervo hakuwa na kosa. Hilkka alichukia kweli.

Lakini nyayo zile je? Akamwita Sinikka, wakalisukuma kabati wawili. Nyuma yake, penye joto la mashine, palikuwa na ndoo iliyofunikwa taulo, inachemka taratibu na kunuka hamira. Pombe ya Vappu, sikukuu ya Mei Mosi. Ya mwaka jana Eevi, mke wa Kalervo, aliimwaga yote kwenye sinki.

"Tumwambie Eevi?" aliuliza Sinikka.

"Tumsumbue kwa nini?"

Kwenye mkutano Kalervo akasimama na hoja yake. Eevi alikuwa kando yake anafuma.

"Sina pingamizi," alisema Hilkka. "Kampuni wakija wataanza kwa kulisogeza kabati. Hupiga picha kila kona, halafu huwatumia wakazi wote."

Kalervo akakohoa. "Mashine si imepona?"

"Imepona."

"Basi kitu kinachofanya kazi tunakigusia nini?" Akaketi, na mkono wa kwanza kumpigia kura Hilkka ulikuwa wake.

"Umepatwa na nini?" Eevi akamwuliza, sindano zimesimama.

Mkesha wa Vappu Hilkka alikuta chupa ya pombe ile mlangoni kwake, zabibu kavu zinaelea. Akaigeuza kwenye mwanga, akainusa, akainusa tena. Kisha akamwita Sinikka, akamimina glasi mbili.

"Anza wewe, shoga," akasema. "Wewe mgeni."