Herufi Zilizolambwa na Mbuzi

Kwa miaka arobaini, mwenye duka la uchapaji hakuwahi kutoa herufi yenye doa. Basi binti wa kaka yake, mwimbaji, alipomletea bango la onyesho lake, herufi nene nyeusi zimechunika kama ukuta uliolambwa na mbuzi, alifura.

"Aliyekuchorea aliishiwa wino?"

"Shangazi, zimechakazwa makusudi. Ndio mtindo."

"Mtindo! Fundi aliyenifundisha kazi alinirushia ndara kwa doa moja tu. Kumbe mimi nilikuwa mbele ya wakati!"

Binti alicheka mpaka akashika meza. "Nichapie mia mbili, shangazi yangu kipenzi."

Shangazi akachapa huku akisonya, maana ni yeye aliyemlea binti huyo. Chini ya kila bango, kama kawaida ya wachapaji, palikuwa na mstari mdogo wenye jina la duka lake. Wino ulipokauka, aliyapanga kwenye mashine ya kukatia karatasi, akavuta mpini, mistari ile ikaanguka sakafuni.

"Mbona umekata jina lako?"

"Wewe nenda kachakae, mwanangu. Mimi wateja wangu watasema mikono imeanza kutetemeka."