Boila Kubwa ya Trevor Hepworth

Nilifika kwa akina Hepworth, kule Barnsley, Jumatatu moja ya Januari, nikaikuta boila yao, mtambo wa gesi wa kupashia moto maji na nyumba, imepasuka ndani. Ilikuwa na miaka ishirini na sita, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Nikaifunga gesi, nikawaambia isiwashwe kamwe. Mle ndani tayari ulikuwa unaiona pumzi yako kwa baridi.

Trevor, mwenye nyumba, alikuwa dereva wa lori. Mkewe, Glenda, alikuwa kwenye kochi chini ya mablanketi mawili, amekonda hadi pete ya ndoa anaivaa kidole gumba. Kansa ilikuwa imemwingia mifupani. Kilichompa nafuu kidogo ni kukaa kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni.

Nilipima vyumba, nikahesabu radieta za ukutani zinazopasha vyumba joto, kisha nikauliza ninachouliza kila nyumba. "Mko wangapi?"

"Wanne," akasema Trevor.

"Andika watatu, fundi," akasema Glenda.

"Glenda."

"Nini? Daktari alituambia sote wawili, au wewe ulikuwa chooni? Wewe na wasichana wawili. Hata Rowena anaijua hesabu hiyo."

Rowena, binti yao mkubwa wa miaka kumi na saba, aliendelea kumkanda mama yake miguu.

Nikawaeleza. Nyumba yenye bafu moja na radieta nane inatoshwa na boila ndogo ya ukutani, ya kilowati ishirini na nne, inayopasha maji palepale yanapopita. Bafu litajaa taratibu, lakini maji ya moto hayaishi. Ninayo stoo, nikasema, kesho naifunga.

"Hizo ndogo zinatoa maji kama mbuzi anakojoa," akasema Trevor. "Nataka kubwa, yenye tangi lake."

"Kubwa lazima niiagize. Wiki tatu, pengine zaidi. Na itawazidi. Boila ikiizidi nyumba inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mpaka inajiua."

"Huyu hata jeneza langu atanunua la watu wawili," Glenda akaniambia. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia akasema kwa upole, "Chukua ndogo, baba Rowena. Mimi nataka maji ya kesho."

"Sinunui boila ya watu watatu," akasema Trevor, akaenda zake jikoni.

Nilipaswa kumfuata. Badala yake nikajiambia mteja ni mteja, nikaandika oda ya ile kubwa. Nikawaachia hita mbili za umeme, nikaondoka.

Ijumaa nilipita kuwaona. Trevor alikuwa anapandisha masufuria ya maji ya moto ngazini, mkono mmoja umefungwa bendeji kwa kuungua. Kujaza bafu yalihitajika masufuria kumi na moja, na likimwagwa la mwisho, la kwanza limeshapoa. Nikamwambia ile ndogo iko garini, naweza kuanza sasa hivi.

"Zimebaki wiki mbili tu," akasema bila kusimama.

Huko juu nilimsikia Glenda akilia alipokuwa akiinuliwa kuingizwa majini.

Alifariki siku ya kumi na saba bila boila, saa nne asubuhi, amevaa soksi jozi mbili na koti la mumewe. Oda ikafika wiki iliyofuata. Nilipopiga simu, Rowena ndiye aliyepokea.

"Irudishe," akasema. "Lete ile ndogo."

"Baba amekubali?"

"Baba hasemi kitu. Nasema mimi."

Nikaenda Alhamisi, nikaifunga peke yangu. Radieta zilipoanza kupata moto, Trevor akashuka, hajanyoa ndevu, akasimama kulitazama lile sanduku jeupe ukutani.

"Ulianza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

Akatazama saa ya jikoni. Ilikuwa tisa na nusu.

"Masaa saba na nusu," akasema.

Nilitaka kumwambia halikuwa kosa lake. Lakini lilikuwa kosa lake, na langu pia. Akapanda ngazi. Nikamsikia akifungua bomba la bafu, na maji yakaenda, yakaenda, mpaka Rowena akapanda kuyafunga.