Skrubu Isiyo na Alama

Kila Alhamisi, bila kukosa, baiskeli ya nesi ilianza visa vyake. Akiiambia ipande gia, inashuka. Akiiambia ishuke, mnyororo unakwaruza mpaka watu wa kituo cha basi wanageuka. Baiskeli ya mbio kwa jina tu! Usukani umepinda kama pembe za kondoo, matairi membamba, lakini uzito wake wa kitanda cha chuma. Aliinunua kwa bei ya kutupa, na Mjomba Spana alipoiona mara ya kwanza alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

"Hii umenunua au umeokota?"

Mjomba Spana, kaka wa mama yake, alikuwa fundi baiskeli aliyestaafu, akiishi peke yake na redio yake. Baada ya kucheka aliigeuza baiskeli miguu juu na kuanza kuitibu. Tangu siku hiyo, mwaka wa tatu sasa, nesi hajakosa kwenda kwake Jumamosi asubuhi.

Wenzake wa kikundi cha Jumapili, walioendesha pamoja hadi nje ya mji, walikuwa wamechoka kumsubiri kila mlima.

"Dada, nunua mpya," walimwambia. "Kuiwekea hiyo vipuri ni kumpaka maiti poda."

Lakini baiskeli mpya haiumwi, na hapo ndipo roho yake ilipokwama. Mjomba hakuwa mtu wa kualika watu. Hajawahi kumwambia mtu "karibu nyumbani." Husema tu, "Ilete niione." Sasa kama hakuna cha kuleta, mjomba atamwambia nini? Nesi alimpenda mzee huyu kuliko alivyopenda kufika wa kwanza mlimani, lakini kubaki wa mwisho kila Jumapili nako kulimchosha, tusidanganyane.

Ijumaa alipotoka zamu aliisukuma hadi duka kubwa la baiskeli, angalau apate ushauri: aibadilishe vipuri au aachane nayo kabisa? Fundi wa pale, dada mwenye mikono myeusi kwa grisi, aliizunguka kimya, kisha akachuchumaa.

"Nani anakutengenezea?"

"Mjomba wangu."

"Huyo ni fundi. Angalia hapa."

Juu ya kila skrubu palikuwa na tone dogo la rangi nyekundu ya kucha, nusu kwenye skrubu, nusu kwenye chuma kilichoishika. Skrubu ikisogea hata kidogo, tone linapasuka na fundi anajua.

"Hakuna hata moja iliyosogea," dada alisema. "Isipokuwa hii ya gia ya nyuma. Hii haina rangi, na haijakazwa vizuri. Ukiendesha siku nne tano inalegea, gia zinachanganyikiwa. Labda alisahau."

Nesi aliigusa ile skrubu kwa kidole. Mjomba Spana hasahau skrubu. Alikuwa na desturi moja ambayo ukoo mzima uliijua: hatii rangi mpaka kazi imemridhisha mwenyewe. Hii aliiacha nusu kwa makusudi, Jumamosi baada ya Jumamosi, ili mgonjwa arudi. Ila mkono wake wa fundi ulikataa kuutilia uongo alama. Nesi alicheka peke yake pale dukani, kisha macho yakamwasha.

"Nikukazie? Dakika moja tu."

"Hapana, iache. Yupo wa kuikaza."

"Sawa. Baiskeli mpya ya nini? Fremu ni nzito lakini nzima. Tafuta matairi mazuri, gia zikae sawa, utapanda milima yako."

Kesho yake mjomba aliipokea baiskeli kama kawaida, akaigeuza na kuanza kuisema vibaya. Nesi alimwacha mpaka alipoishika bisibisi.

"Mjomba, mbona hiyo ya gia haina rangi?"

Bisibisi ilisimama. "Ipi?"

"Mjomba!"

"Rangi iliisha."

"Miaka mitatu?"

Mzee alikohoa kikohozi ambacho nesi yeyote angejua si cha mapafu. "Breki sijawahi kuzichezea," alisema kwa ukali. "Hilo ulijue. Mimi si muuaji."

"Najua."

Akageuka, akaikaza skrubu mpaka mwisho, akafungua kichupa na kuitia tone lake. Akazungusha pedeli. Gia zilipanda na kushuka bila kelele, na yeye alionekana kama mtu aliyefiwa.

"Katafute matairi," alisema. "Haya yamekufa. Ukiyapata, hao wenzako watakuona mgongo."

"Nitayatafuta."

"Na ikishapona, utakuwa unaileta ya nini?"

"Sitaileta. Nitakuja mwenyewe."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Mjomba Spana aliifuta bisibisi iliyokuwa safi tayari, akaifuta tena. "Kukaa tu," alisema, kwa sauti ya mtu anayepima kitu ambacho hana spana yake.

"Kukaa tu, mjomba."

"Basi siku hiyo usije saa tatu, njoo saa nne. Mara nyingi unanikuta ndiyo kwanza nimemaliza kukufagilia nyumba."

Nesi akainama haraka, akajifanya anafunga kamba za viatu.