Maji Matatu ya Kisima

Bi Chausiku binti Mwishehe alikuwa na ulimi kama mwiba wa samaki taa: ukikuchoma asubuhi, bahari hujaa na kupwa nawe hujaacha kuugulia. Na katika watu wote wa Bagamoyo, aliyechomwa zaidi ni wifi yake, Bi Zaina.

"Kitendawili," alimwambia shoga yake Mardhiya, siku moja Bi Zaina alipopita njiani na buibui lake linalonukia udi.

"Tega."

"Kazaliwa ufukweni, kazeekea ufukweni, kisigino hakijalowa."

Mardhiya akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Wifi yako huyo!"

"Mimi nimetega tu. Aliyemtaja ni wewe."

Kisa chao kilikuwa cha zamani. Bi Zaina alizaliwa kwenye nyumba ya ghorofa iliyotazama pwani, binti wa mwenye majahazi, na bahari aliijua kwa dirishani, kama mtu anavyomjua jirani asiyesalimiana naye. Bi Chausiku alikuwa wa ukoo wa wanawake wanaotanda uduvi: maji yakipwa wanaingia mpaka mapajani, wameshika kanga kuukuu pande mbili, wanaburuta, wanakamata vile vijidudu vidogo kuliko punje ya mchele. Alipoolewa na Bwanausi, kaka yake Zaina, wifi alimnusa mlangoni akauliza, "Biharusi hakuogeshwa?" Bwanausi alikwisha fariki, Mungu amrehemu, na swali lile lilikuwa bado hai. Lilitimiza miaka thelathini na tisa.

Zile kanga za uduvi zikichakaa, Bi Chausiku hakuzitupa. Alizikata viraka, akaviunga na vipande alivyookota chini ya cherehani ya fundi Mikidadi, akatia sufi kidogo katikati na kitambaa kingine nyuma, akapitisha sindano juu na chini mpaka viraka vikawa mawimbi, mwamba, kaa, mkia wa samaki. Kaniki ilikuwa bahari ya kina. Bafta iliyofifia ilikuwa povu. Alivishona vidogo, upana wa sinia, kwa sababu alishona kiangazi, na joto la kaskazi ukiweka mfarishi mzima mapajani unaiva kama muhogo. Aliviita vifarishi. Watu walimcheka: nani anajifunika mfarishi kaskazi? Yeye alijibu kwamba aliyeumbwa na macho hatakosa kazi ya kuyapa.

Basi kiangazi cha mwaka wa sabini na mbili, Bi Mwaija, mwenyekiti wa akina mama, akatangaza kwamba litafunguliwa darasa la kushona vifarishi. Wanawake watakuja mpaka kutoka Miono na Mkange. Anatakiwa mwalimu mmoja. Anayetaka alete vifarishi vitatu vya bahari, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Bi Chausiku hakulala vizuri tena. Darasa la nne baba yake alimtoa shule, akisema anayejua kusoma barua anatosha. Tangu hapo alitamani jambo moja, na alimwambia Mardhiya peke yake: asimame mbele ya watu, aitwe Mwalimu. Hata siku moja.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo, Bi Zaina akabisha hodi. Kwapani ana furushi.

"Na mimi nimeshona, wifi. Nataka ualimu. Nimekuja unitazamie."

Bi Chausiku akavitandaza mkekani. Astaghfirullahi! Vitambaa vilikuwa vizuri, hariri na bafta mpya ya dukani, bado vimechomekwa pini pembeni, lakini bahari yenyewe ilikuwa ya mtu aliyeota akiwa na homa. Papa alikuwa na kope.

"Huyu kapaka wanja anakwenda harusi ya nani?"

"Nilimpamba kidogo."

"Na huyu? Buibui wa darini?"

"Pweza."

Bi Chausiku akahesabu mikono ya pweza. Sita. Akahesabu tena, kwa raha. Cha tatu hakukitazama hata. Alikikunja na vingine akavirudisha.

"Niambie basi kinachokosekana," Bi Zaina akasema. Alisema polepole, na Bi Chausiku alijua neno lile limemgharimu kitu. "Wewe ndiye unayejua."

Angeweza kusema: pweza ana mikono minane. Lakini ulimi ulikuwa umekwisha toka alani kama kisu.

"Kinachokosekana ni bahari. Nguo zako hazijaionja. Zangu zote zimelala ndani ya maji ya chumvi. Kazichovye."

"Na pini zake?"

"Na pini zake, na wewe mwenyewe ukipenda."

Ilikuwa kejeli tu. Kila mwanamke wa uduvi angecheka, kwa kuwa anajua kwamba nguo ya bahari haikauki. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kitambaa kikatoka jasho siku zote kama mgonjwa. Ndiyo maana kanga zake, kabla ya kuguswa na mkasi, alizisuuza maji matatu ya kisima, akizianika kila maji juani.

Bi Zaina alifika mlangoni akageuka. "Niviloweke kwa muda gani?"

Hapo ndipo kejeli ilipokwisha. Bi Chausiku alimwona vizuri: mzee mwenzake, kashika furushi kwa mikono miwili, anangoja jibu. Akakumbuka pua ile mlangoni.

"Tangu maji yajae mpaka yapwe," akasema. "Kisha vikunje, utie sandukuni, vinywe."

Kesho yake Mardhiya alikuja mbio na habari. Bi Zaina kaingia baharini! Na viatu! Kaa kapita karibu, kapiga ukelele mpaka wavuvi wakadhani kuna mtu anazama. Bi Chausiku alicheka akashika mbavu, akataka asimuliwe tena kuanzia kwenye viatu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bi Chausiku alitandika vyake mezani. Bi Mwaija alipitisha kiganja juu ya cha kwanza, uduvi elfu wa mishono myeupe juu ya kaniki, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Akaja kwenye kaa mdogo ndani ya gamba la kome.

"Kitendawili," Bi Chausiku akamwambia.

"Tega."

"Anakaa nyumba ya marehemu, kodi halipi, akinenepa anahama."

"Kaa huyu huyu!" Bi Mwaija akacheka, na ukumbi mzima ukacheka naye. Ualimu ulikuwa umekaribia hivi, unanusika.

Ikaja zamu ya Bi Zaina. Alifungua sanduku, na harufu ikatoka kabla ya vitambaa. Bafta ilikuwa na madoa mekundu ya kutu kila palipokaa pini. Sufi imegandamana madonge. Papa kaota koga kwenye kope, na pweza akadondosha tone mezani.

"Pweza kajikojolea!" akasema mmoja nyuma, na wanawake wakaangua kicheko. Bi Chausiku hakucheka kwa sauti. Aliona haya kidogo kwa jinsi alivyokuwa akifurahi.

Bi Mwaija akanyamazisha watu. "Bi Zaina, dada yangu, nani alikwambia uloweke kazi na pini zake?"

Bi Zaina alisimama wima, kidevu juu, kama siku za majahazi ya baba yake. Hakuwa na shari. Alikuwa bado anaamini kwamba amekosea mahali fulani mwenyewe.

"Mwalimu wangu," akasema. "Wifi Chausiku. Nilimwuliza muda, akanipa muda. Nimefuata kila neno."

Neno lile likamfikia Bi Chausiku mahali alipokaa. Mwalimu. Alilingoja maisha yake yote, na kumbe aliyelibeba ni huyu.

"Zako nazo uliziloweka hivyo, Bi Chausiku?" Bi Mwaija akamgeukia.

Uongo ulikuwepo, mwepesi, mdomoni, akaumeza. "Zangu nilizisuuza maji matatu ya kisima."

"Na yeye ulimwambia?"

Akatazama kaa wake mezani. "La."

Bi Mwaija akakunja vile vifarishi vitatu vya Bi Chausiku vizuri, taratibu, akamrudishia. "Yupo atakayetoka Mkange kwa miguu na kitambaa kimoja tu, hana kingine. Atauliza kama huyu alivyouliza. Sindano yako haina mfano, dada. Lakini mwanafunzi wako wa kwanza ndiye huyu hapa, anachuruzika."

Ualimu akapewa Ashatu, kisichana cha juzi, mwenye mishono mirefu kama hatua za korongo. Bi Chausiku aliiona mishono ile, akaidharau, na dharau haikumsaidia kitu.

Alasiri hiyo alikwenda kwa Bi Zaina bila hodi, akachukua furushi, akamwambia, "Nifuate kisimani, wewe mwanamke."

Akachomoa pini moja moja. Akamwaga maji ya kwanza, akakamua kwa hasira. "Kutu itatoka kwa ndimu. Koga sijui. Na pweza ana mikono minane, mjinga wewe. Minane! Mtoto anayetambaa anajua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

"Niliuliza, wifi."

Bi Chausiku alichukua kile cha tatu, ambacho hakuwahi kukitazama, akakikunjua kusudi akikamue. Kulikuwa na ufuko mpana wa bafta, na mbali kabisa, katika maji ya kaniki, mwanamke ameinama anaburuta nguo. Peke yake. Kashonwa kwa uzi mwembamba, mishono ya subira, iliyofumuliwa na kurudiwa.

Bi Chausiku akakisogeza karibu na macho. "Haya makalio ya nani?"

"Yako."

"Makubwa namna hii?"

"Miaka yote nakuona kwa dirishani. Kwa mbali ndiyo yanayotangulia kuonekana."

Bi Chausiku akasonya, msonyo mrefu uliofika ng'ambo ya kisima, akakizamisha kile kifarishi kwenye ndoo polepole, kwa mikono miwili.

"Vuta kamba, usiishike kama mkia wa nyoka," akasema. "Hayo ni ya pili tu. Bado ya tatu."