Tone la Maji Juu ya Jembe

Redio ya darasa la watu wazima ilipoibwa kijijini Tindiga, mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa Mwamvua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifagia darasa na kutunza ufunguo. Kufuli halikuvunjwa. Hilo lilitosha.

Watu wa kijiji kile kipya cha ujamaa walikuwa wametoka Masanze, Mvumi na kwingine, na walikuwa hawajazoeana. Redio ndiyo iliyowakalisha pamoja. Jioni walikuwa wakisikiliza maelezo ya mambo ya kila siku: kwa nini radi huonekana kabla ya kusikika, kwa nini maziwa huganda, kwa nini tone la maji hucheza juu ya kikaango cha moto.

Vitalis, balozi wa nyumba kumi, alimburuta Mwamvua kwa kanga hadi uwanjani. Alikuwa amekwisha kumpiga fimbo za mgongo, na mdomo wa yule mama ulikuwa umepasuka. Mhunzi Lupakisyo alikuwa akivukuta makaa. Baba yake, aliyekuja Kilosa kukata mkonge, alimrithisha kiapo: mshukiwa hulamba jembe lililoiva kwa moto. Mwema haungui.

"Ukimpeleka mwizi polisi, anarudi amenenepa," alisema Vitalis, na watu wakacheka. "Hapa atajibu kwa ulimi."

"Sikuiba," alisema Mwamvua. "Ulimi huu ninaulilia, jamani. Nina watoto wa kuita."

Theodory, mwalimu wa kisomo, akajipenyeza mbele.

"Ndugu zangu, ngojeni! Juzi redio ilitufundisha nini?"

"Ilitufundisha kwamba ina miguu!" alidakia mmoja, na kicheko kikapasuka tena.

Theodory hakucheka. Alichovya vidole katika kibuyu cha maji akanyunyizia jembe jekundu. Matone yakakimbia huku na huku kama shanga zilizomwagika, wala hayakukauka upesi.

"Mnaona? Chini ya tone maji yamegeuka mvuke, na mvuke huo umelibeba tone lisiguse chuma. Mate hufanya hivyo hivyo juu ya ulimi. Mwenye hofu mate humkauka, awe mwizi, awe mwema. Jembe hili halijui wizi, linajua majimaji tu."

Alisukutua, akainama, akalamba mara moja. Chuma kikalia *tss*. Akauonyesha ulimi wake kwa watu wote. Ulikuwa mzima.

Theodory akadhani ameshinda.

"Kumbe!" alisema Vitalis polepole. "Miaka yote hii wezi wametushinda kwa mate! Asante, mwalimu. Mfuteni huyu ulimi ukauke."

"Sivyo nilivyosema, Balozi! Akifutwa ataungua hata akiwa malaika!"

Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kumpigisha Mwamvua magoti. Mmoja alimkamata taya, mwingine akausugua ulimi kwa majivu na kitambaa mpaka ukakauka. Lupakisyo akaleta jembe kwa koleo. Safari hii hapakuwa na *tss*. Palikuwa na harufu ya nyama, na sauti ambayo haikuwa neno.

"Kaungua! Mwizi!" Fimbo zikaanza kumshukia.

"Na Balozi naye afutwe!" alipaza sauti Odilia, jirani wa Mwamvua. "Ufunguo wa pili si uko kwake? Kipimo ni kipimo!"

"Kweli! Afutwe!"

"Nyie, mimi ni kiongozi wenu!"

"Kiongozi hutangulia!"

Mikono ile ile ikamgeukia. Majivu, kitambaa, jembe. Vitalis akanguruma na kuanguka, na fimbo zikamwacha Mwamvua zikamfuata yeye. Wakampiga mbavuni, wakamkanyaga vidole, jino likaruka pamoja na damu.

"Mwacheni! Kila ulimi mkavu utaungua!" Theodory alikuwa akipiga kelele. Kiwiko cha mtu kikampasua pua, naye akaketi chini.

Mwamvua alikuwa amemsikia. Aliinuka, mate mekundu yakimtiririka kidevuni. Akampokonya Lupakisyo koleo pamoja na jembe lake, akapita katikati ya fimbo, akasimama juu ya Vitalis.

"Anayetaka kumpiga," alisema, na ulimi uliovimba ukayaponda maneno, "afute ulimi. Alambe kwanza."

"Dada, si huyu aliyekuburuta?" aliuliza mmoja wa wenye fimbo.

"Ndiye. Alambe kwanza."

Akalisogeza jembe usoni mwa mtu wa karibu. Yule akafunga mdomo, akarudi nyuma. Akalisogeza kwa mwingine, kisha kwa wale wawili waliomshika taya. Kila aliyefikiwa alirudi nyuma.

Wekundu ukafifia, chuma kikawa cheusi. Theodory alikuwa amewafundisha vilevile kwamba weusi si ubaridi. Hakuna aliyenyoosha kidole kupima. Fimbo zikawekwa chini, na watu wakaanza kuondoka bila kuagana.